Kuthamini mali za marehemu kwa kodi ya mirathi Uingereza: mwongozo kamili

Kila baada ya msiba katika jumuiya yetu hapa Uingereza, simu hunijia na swali lilelile: "Wamenifanya msimamizi wa mirathi, fomu inataka thamani ya kila kitu, niandike nini?" Na makosa ninayoyakuta ni matatu yaleyale. Mmoja ameandika bei ambayo marehemu alinunulia. Mwingine amenakili bei ya bima. Wa tatu ameorodhesha mali za huku tu, na nyumba ya Tanga na kiwanja cha Kigamboni amevinyamazia.

Mwongozo huu unakuchukua tangu siku unayoshika ufunguo wa nyumba ya marehemu hadi fomu zinapofika HMRC, mamlaka ya mapato. Kodi ni moja Uingereza nzima, ila Scotland ina utaratibu wake wa mahakama na fomu zake.

## Vitu vya kuwa navyo mezani

- Cheti cha kifo, nakala kadhaa. Tarehe iliyomo ndiyo itakayotawala kila tarakimu utakayoandika.
- Wasia, kama upo, na cheti cha ndoa.
- Taarifa za benki za miaka 7 iliyopita.
- Karatasi za nyumba na barua ya mwisho ya mkopo wa nyumba.
- Bima ya vitu vya ndani. Itakuonyesha kuna nini, ila bei zake usizinakili.
- Karatasi za ardhi za nyumbani: hati, ofa, au mkataba wa mauziano wenye muhuri wa serikali ya mtaa.
- Simu ya marehemu. Humo mna M-Pesa, makundi ya michango na ya mchezo (upatu, wa kuchangiana na kupokea kwa zamu).
- Mizani ya jikoni inayosoma gramu, kamera ya simu na daftari la kurasa nyingi.

## Hatua ya 1: Shika kanuni moja

Kifungu cha 160 cha Sheria ya Kodi ya Mirathi ya 1984 kinataka thamani ya soko: bei ambayo kitu kingeuzwa sokoni siku aliyofariki mwenyewe, kwa mnunuzi wa kawaida.

Sofa ya £1,800 iliyonunuliwa miaka 3 iliyopita huenda leo mtu akaitolea £150, na hiyo £150 ndiyo ya kuandika. Nyumba iliyonunuliwa £62,000 mwaka 1996 unaiandika kwa bei ya siku ya kifo, hata kama inakutisha.

Kingine wengi hawakijui: gharama za kuuza hazipunguzwi. Kama mnada ungechukua kamisheni, hiyo ni juu yako. Unaandika bei kamili ambayo mnunuzi angelipa.

## Hatua ya 2: Pima uzito wa kazi kabla ya kuianza

Piga hesabu ya haraka ya kila kitu. Lengo ni kujua uko njia ipi, maana mirathi nyingi hazifiki kwenye kodi.

Kiwango kisichotozwa kodi ni £325,000, na hakijasogea tangu 2009. Nyumba ya kuishi ikienda kwa watoto au wajukuu, huongezwa hadi £175,000 juu yake, ila nyongeza hiyo huanza kupungua mirathi ikizidi pauni milioni 2. Kinachozidi hutozwa 40%. Mali halisi ikiwa £412,000 na hakuna nyongeza, unatoa 325,000, zinabaki 87,000, na kodi yake ni £34,800.

Kinachoachiwa mume au mke hakitozwi. Hapa kuna mitego miwili inayotunasa sisi hasa.

Wa kwanza ni ndoa ya msikitini iliyofungwa hapa England bila kusajiliwa serikalini. Machoni pa sheria huyo si mke, na msamaha wa mke haumhusu. Ndoa iliyofungwa kihalali Tanzania au Kenya haina shida hiyo.

Wa pili ni mke anayeishi kule nyumbani, nje ya Uingereza. Kama marehemu alikuwa mkazi wa muda mrefu Uingereza (maana yake iko Hatua ya 7) na mke hajawahi kuwa mkazi huku, msamaha wake una kikomo cha £325,000. Ipo njia ya mke huyo kuchagua kuhesabiwa kama mkazi wa muda mrefu, lakini ina gharama zake baadaye. Aone mwanasheria kabla hajasaini.

Mirathi ikiwa chini ya kiwango, kwa kawaida hujazi fomu kubwa ya IHT400. Unataja jumla tu unapoomba kibali cha mirathi. Ila mali zilizo nje ya Uingereza zikizidi £100,000, IHT400 inakuhusu hata kama hakuna senti ya kodi. Nyumba moja nzuri ya Mikocheni inatosha kukuvusha.

Umefaulu kama: unajua kama unajaza IHT400 au la, na kama kodi itakuwepo.

## Hatua ya 3: Pita chumba kwa chumba kabla ndugu hawajagawana

Fanya hivi wiki ya kwanza. Najua ni vigumu kumwambia shangazi aliyetoka safari ya mbali, "Shangazi, naomba hiyo saa ya baba iache kwanza." Mwambie, kwa adabu, na umweleze kwamba wewe ndiye utakayetia saini. Saa ikiondoka bila picha, miezi sita baadaye hakuna atakayekumbuka ilikuwa ya aina gani.

Piga picha kila chumba kutoka pembe mbili, kisha fungua makabati. Vitu vya kawaida (vyombo, vitanda, nguo, televisheni) viandike kwa mkupuo, chumba kimoja jumla moja. Angalia vitu kama hivyo vilivyotumika vinauzwa bei gani eBay, na utazame vilivyokwisha kuuzwa. Bei anayoitaka muuzaji ni matumaini yake tu.

Usiandike "vitu vya ndani: £0." Fomu ya IHT407 ndiyo inayouliza habari za vitu vya nyumbani, na sifuri kwa mtu aliyeishi nyumba ya vyumba vitatu huamsha maswali.

Gari linataka namba ya usajili, aina, mwaka na hali yake. Piga picha maili zilizosomeka, kisha tafuta bei ya gari kama hilo kati ya mtu na mtu. Bei ya yadi huwa juu zaidi.

## Hatua ya 4: Dhahabu

Hapa ndipo familia nyingi za pwani zinajipunja bila kujua. Niliwahi kuketi na mama mmoja wa Kizanzibari, ametandika khanga juu ya meza na kumimina bangili, mikufu na hereni za dada yake. Nikamuuliza, "Mama, hizi bei umezitoa wapi?" Akanisogezea karatasi ya bima. Bangili moja ilikuwa £2,600.

Bei ya bima ni ya kununua nyingine mpya dukani, faida ya sonara na kodi ya mauzo zikiwemo. Bei ya soko ni kitu kingine kabisa. Fanya hivi:

1. Soma muhuri. Ndani ya bangili au kwenye ndoana ya mkufu tafuta tarakimu. 375 ni karati 9, 750 ni karati 18, 875 ni karati 21, 916 ni karati 22. Dhahabu ya nyumbani au ya Dubai huenda haina muhuri wa Uingereza, na hilo peke yake halimaanishi ni bandia. Sonara ataipima.
2. Weka mizani kwenye sifuri, pima kimoja kimoja. Chenye mawe kiweke kando, kwa sababu uzito wa jiwe utakudanganya.
3. Zidisha. Tuseme siku aliyofariki dhahabu safi ilikuwa £60 kwa gramu. Bangili ya gramu 24 yenye muhuri wa 916 ni 24 × 0.916 × 60, yaani karibu £1,319.
4. Peleka kwa mthamini vya thamani kubwa. IHT407 inataka kila kipambo cha £500 au zaidi kiandikwe peke yake. Mwambie mthamini wazi: "Nataka thamani ya mirathi, bei ya soko, kwa tarehe hii." Usiposema hivyo atakuandikia ya bima kwa mazoea.

Ile hesabu ya uzito ni sakafu tu. Kazi ya mkono ya fundi hodari au mkufu wa kale unaweza kuuzwa zaidi ya uzito wake. Bangili ya yule mama iliandikwa zaidi kidogo ya dhahabu iliyomo, takriban nusu ya ile ya bima. Alikuwa karibu kulipia kodi pauni ambazo hazikuwepo.

Umefaulu kama: kila kipambo kina picha, gramu, muhuri na bei, na vya £500 na zaidi vina karatasi ya mthamini.

## Hatua ya 5: Nyumba ya huku

Kama mirathi iko mbali na kiwango cha kodi, barua za mawakala watatu wa nyumba zinatosha kwa kawaida. Chukua wastani unaoweza kuutetea. Kama iko karibu na mstari au juu yake, lipa mthamini aliyesajiliwa na RICS, chama cha kitaaluma cha wathamini. Ada yake ni ndogo kuliko usumbufu wa kubishana baadaye.

Wakala wa nyumba anapenda kutaja bei ya juu ili umpe kazi ya kuuza. Mwombe barua inayosema "thamani kwa tarehe ya kifo", na atie ndani nyumba mbili tatu za mtaa huo zilizouzwa karibu na tarehe hiyo. Bei za mauzo ziko wazi kwenye rejista ya ardhi, nawe zitazame.

Hali ya nyumba iandikwe: paa linalovuja, jiko la mwaka 1985, ukungu ukutani. Piga picha kabla ya kupaka rangi. Ila uwezo wa kuongeza chumba au kugawa bustani nao hupandisha bei, na wathamini wa serikali hawausahau.

Nyumba ikiwa ya watu wawili, thamini sehemu ya marehemu tu. Mwenzake akiwa mume au mke, gawa moja kwa moja. Akiwa ndugu, mtoto au rafiki, kwa desturi thamani ya fungu hupunguzwa kati ya 10% na 15%, kwa sababu nusu ya nyumba ni bidhaa ngumu kuiuza. Familia nyingi hazijui hata kama punguzo hili lipo.

Na kushusha bei kwa makusudi? Tarakimu unayoandika leo ndiyo watakayoanzia siku mnapouza, mkihesabiwa kodi ya faida ya mauzo. Ukiibana hapa, itakutokea kule.

## Hatua ya 6: Benki, hisa na mchezo

Benki ni rahisi. Omba kila moja ikuandikie salio la siku ya kifo pamoja na riba iliyokwisha kulimbikizwa hadi siku hiyo. Salio la siku uliyopiga simu halifai.

Hisa za soko la London zina kanuni yake: chukua bei ya chini ya siku hiyo, ongeza robo ya tofauti kati ya bei ya chini na ya juu. Ikiwa ni 400 na 408, unaandika 402.

Pensheni binafsi isiyochukuliwa mara nyingi imekuwa nje ya hesabu, lakini kuanzia 6 Aprili 2027 imepangwa kuingizwa. Angalia tarehe ya kifo.

Sasa mchezo, ambao hakuna fomu iliyoutaja kwa jina. Kama marehemu alikuwa amechangia miezi 7 na zamu yake haijafika, kundi linamdai kitu? Hapana, yeye ndiye anayelidai kundi, na deni hilo ni mali yake. Kama alishapokea na alibakiza miezi 5 ya kuchangia, hilo ni deni la mirathi. Mwombe mweka hazina wa kundi aandike na kutia saini. Picha ya ujumbe wa simu ni bora kuliko kukosa kabisa.

Rambirambi zilizochangwa baada ya kifo ni za wafiwa. Usiziingize.

## Hatua ya 7: Mali za nyumbani

Tangu 6 Aprili 2025, kinachoangaliwa ni ukaazi. Aliyekuwa mkazi wa Uingereza kwa kodi kwa angalau miaka 10 kati ya 20 iliyotangulia anatozwa kodi kwa mali zake za dunia nzima. Haijalishi pasipoti yake ni ya wapi, wala kwamba alisema kila Ijumaa atarudi kwao kuzeeka. Fomu yake ni IHT417.

Kenya na Tanzania hazitozi kodi ya mirathi, kwa hiyo hakuna kodi ya kule ya kutoa kwenye kodi ya huku.

Usimwachie binamu akadirie. Tanzania tafuta mthamini aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wathamini, Kenya vilevile, wana bodi yao. Ripoti iwe na tarehe ya kifo, ukubwa wa kiwanja, aina ya umiliki, picha, na mauzo ya jirani aliyoyalinganisha.

Aina ya umiliki inabadilisha bei sana. Kiwanja kilichopimwa na chenye hati hakilingani na shamba la mkataba wa serikali ya mtaa, hata kama vinapakana. Nyumba iliyoishia kwenye lenta inathaminiwa ilivyo, na nondo zake zikiwa nje.

Ukishapata shilingi, zigeuze kwa kiwango cha siku ya kifo, na uchapishe ukurasa ulioonyesha kiwango hicho. Tena, sheria inaruhusu kupunguza gharama za ziada za kusimamia au kuuza mali iliyo nje, hadi 5% ya thamani yake. Tunza risiti za mwanasheria wa kule na za mthamini.

Kuna jambo zito lililojificha hapa. Wengi waliochukua uraia wa Uingereza walinunua ardhi Tanzania kwa jina la kaka au mama, kwa sababu asiye raia hakuweza kumiliki ardhi kule kwa njia ya kawaida. Karatasini ni ya kaka, pesa ilikuwa ya marehemu. Usikimbilie kuandika wala kuacha. Kusanya ushahidi wa nani alilipa, kisha mpe mwanasheria anayezijua sheria za pande zote mbili, kabla ya kumpa HMRC chochote.

Umefaulu kama: kila mali ya nje ina ripoti, kiwango cha fedha na ushahidi wa mwenye mali.

## Hatua ya 8: Zawadi za miaka 7

Zawadi alizotoa ndani ya miaka 7 kabla ya kufa huweza kurudi kwenye hesabu, na pesa za Western Union nazo ni zawadi. Ndiyo maana ulihitaji zile taarifa za benki.

Usiogope mapema. £3,000 kwa mwaka husamehewa. Zawadi ya harusi kwa mtoto husamehewa hadi £5,000. Na ulio muhimu kwetu ni msamaha wa matumizi ya kawaida: kama marehemu alituma £200 kila mwezi kutoka mshahara wake, kwa mazoea, na yeye mwenyewe hakupungukiwa, hazihesabiwi, hata kama alituma miaka mingi. Fomu ya zawadi, IHT403, ina jedwali la mapato na matumizi ya kila mwaka. Lijaze mwaka kwa mwaka. Ni kazi ya usiku kadhaa, lakini ndiyo inayookoa pesa nyingi kuliko jedwali jingine lolote.

£15,000 aliyotuma mara moja kuezekea nyumba ya mdogo wake haimo kwenye msamaha huo. Iandike.

## Hatua ya 9: Toa madeni

Mkopo wa nyumba, kadi za mkopo, bili hadi siku ya kifo, kodi ya mapato aliyodaiwa. Mazishi pia, kwa kiasi cha kadiri, pamoja na jiwe la kaburi na chakula cha waombolezaji. Ada za mwanasheria wa mirathi hapa Uingereza hazipunguzwi.

Kilicholipwa na michango ya jumuiya usikiandike kama deni la mirathi. Deni la maneno matupu, "alinikopa mimi elfu tano," lisipokuwa na ushahidi liache.

## Hatua ya 10: Funga faili, tuma kwa wakati

Panga faili kwa mpangilio wa fomu. Kila tarakimu iwe na karatasi nyuma yake, na kila karatasi iwe na tarehe ya kifo.

Tarehe zinazochanganya watu ni mbili. Kodi hulipwa mwisho wa mwezi wa sita baada ya mwezi wa kifo, na riba huanza hapo. Fomu ina miezi 12 tangu mwisho wa mwezi wa kifo. Aliyefariki 10 Machi, kodi ni 30 Septemba, fomu ni 31 Machi inayofuata. Wanaosubiri tarehe ya fomu hulipa riba ya nusu mwaka bure.

Huna pesa mkononi? Benki ya marehemu inaweza kulipa kodi moja kwa moja kwa fomu ya IHT423. Kodi ya mirathi inayotokana na nyumba inaweza kugawanywa kwa miaka 10, kwa riba.

Ripoti ya mthamini wa nyumbani ikichelewa, andika makadirio na useme wazi kwamba ni makadirio. Kubuni na kunyamaza ni hatari: kwa mali za huku, uzembe unaweza kukugharimu faini ya hadi 30% ya kodi iliyopungua, na kuficha kwa makusudi hadi 100%; kwa mali za nje faini inaweza kuwa kubwa zaidi.

Ukigundua akaunti nyingine baadaye, peleka marekebisho kwa fomu C4. Na mkiuza hisa kwa hasara ndani ya miezi 12 baada ya kifo, au nyumba kwa bei ya chini ndani ya miaka 4, unaweza kudai kodi irudishwe: IHT35 kwa hisa, IHT38 kwa nyumba. Kwa hiyo faili lisitupwe hata baada ya kibali kutoka.